Majemadari wa vita vya 1914-1918 Afrika Mashariki: Waliotia fora na walioponza watu

ABIRIA anayeteremka matatu Kariokor jijini Nairobi, sawa na mchuuzi anayepanga bidhaa zake Kariakoo jijini Dar es Salaam, hutamka kila siku jina la kikosi cha jeshi pasipo kufahamu. Majina hayo mawili ni matamshi ya wenyeji ya jina la Kiingereza la Kikosi cha Wapagazi, wale raia waliobebeshwa risasi, unga na majeruhi kati ya 1914 na 1918, wakati Uingereza na Ujerumani zilipopigana katika nchi ambazo leo ni Kenya, Tanzania, Msumbiji na Zambia.

Kuhusu vita hivyo yameandikwa mengi, na sehemu kubwa ya maandishi hayo huwaimba makamanda. Paul von Lettow-Vorbeck wa Ujerumani husifiwa kwa kuwa hakukamatwa hadi vita vilipokwisha Ulaya. Jan Christiaan Smuts wa Afrika Kusini husifiwa kwa kuteka nchi kubwa kwa miezi michache. Makala haya yanawatazama hao wawili, pamoja na wenzao ambao majina yao yamefifia, kwa kuuliza jambo moja: kila mmoja alitimiza nini katika kazi aliyotumwa, na watu wangapi waliangamia ili aitimize?

Msomaji na akumbuke hali ilivyokuwa mwanzoni. Vita vilipozuka, jeshi la Wajerumani katika koloni lao lilikuwa na askari wapatao 2,500 Waafrika na maofisa takriban 260 Wazungu, waliogawanywa katika kombania 14. Kikosi cha Waingereza cha King's African Rifles, ambacho wazee wetu walikiita Keya, kilikuwa na batalioni tatu tu, nazo zilitawanyika kutoka Nyasaland hadi Jubaland. Mnamo Agosti 15, 1914, Wajerumani waliiteka Taveta, wakawa wanaitishia reli ya Mombasa hadi Kisumu. London haikuwa na jeshi la kutuma ila lile la India.

FEDHEHA YA TANGA

Meja Jenerali Arthur Aitken aliondoka Bombay Oktoba 1914 akiwa na watu wapatao 8,000. Wengi wao hawakuwa wamewahi kufunzwa pamoja, na walifika pwani yetu wakiwa wamedhoofishwa na wiki mbili za kichefuchefu baharini. Alipotua Mombasa alishauriwa awachukue askari wa Keya, waliolijua pori na waliomjua adui. Alikataa. Aliamini kwamba askari weusi wa Wajerumani wangetimua mbio mara tu watakapowaona wanajeshi wake.

Kosa la pili lilifanyika kwa adabu. Jeshi la wanamaji lilikuwa limefanya mapatano na mji wa Tanga kutoushambulia, na nahodha wa manowari ya Fox akaona ni haki kuwaarifu wakuu wa mji kwamba mapatano yale yamevunjwa. Lettow-Vorbeck aliyekuwa kule Moshi akapata muda wa kuwapakia askari wake kwenye garimoshi na kuwateremsha hadi pwani. Alipowasili usiku wa Novemba 3 alipanda baiskeli akaingia mjini mwenyewe kukagua mahali. Aitken, kwa upande wake, hakutuma wapelelezi wa maana.

Novemba 4 majeshi ya Aitken yalisonga mbele mchana wa jua kali kupitia mashamba ya katani na minazi. Baadhi ya vikosi vilipigana kiume: Wakashmiri, Wagurkha na Waingereza wa Loyal North Lancashire walifika hadi mitaa ya mji. Vingine vilivunjika, na nyuki waliochokozwa kwenye mizinga yao wakamalizia kazi. Waingereza walipoteza watu zaidi ya 800 kwa kufa, kujeruhiwa na kutoweka. Wajerumani walipoteza takriban 150, miongoni mwao Kapteni Tom von Prince, yule ambaye wenyeji walimwita Sakarani.

Lililo chungu zaidi ni kwamba jioni hiyo askari wa Kijerumani waliondoka mjini kwa sababu ya amri iliyoeleweka vibaya, na kwa saa kadhaa Tanga haikuwa na mlinzi. Aitken hakujua. Kesho yake aliwarudisha watu wake melini akaacha ufuoni bunduki za rashasha 8, bunduki za kawaida 455 na risasi 600,000. Kwa zaidi ya mwaka mmoja Wajerumani walipigana na Waingereza kwa silaha za Waingereza. Aitken aliitwa London, akashushwa cheo hadi kanali, na hakupewa tena kikosi cha kuongoza.

Lettow-Vorbeck naye alijifunza somo lake Januari 1915 huko Jasini, karibu na mpaka wa pwani. Aliiteka ngome hiyo, lakini alipoteza maofisa wengi na kuteketeza risasi zipatazo 200,000. Kwa mtu ambaye meli za adui zimemzibia bahari, ushindi wa namna hiyo ulikuwa hasara. Tangu hapo aliamua kutuma vikundi vidogo kulipua reli ya Uganda katika nyika ya Tsavo na Voi, na kuwaacha Waingereza wahangaike.

SALAITA NA LATEMA

Anayesafiri leo kutoka Voi kuelekea Taveta hukiona kilima cha Salaita kikiwa peke yake katikati ya tambarare. Si kirefu. Februari 12, 1916, Brigedia Jenerali Wilfrid Malleson alitumwa kukiteka akiwa na watu wapatao 6,000, wengi wao Waafrika Kusini weupe waliokuwa wameshuka meli majuzi. Malleson alikuwa ametumia miaka mingi ya utumishi wake katika kazi za ofisini na za ujasusi. Upelelezi wake ulimhakikishia kwamba kilima kinalindwa na watu wachache, na mizinga yake ikapiga kileleni muda mrefu. Mahandaki ya Wajerumani yalikuwa chini, kwenye miguu ya kilima.

Askari weusi wa Lettow walipotoka na singe, wageni wale wakageuza migongo. Waliofunika mafungo yao ni Wabaluchi wa Jeshi la India, watu ambao Waafrika Kusini hao walikuwa wakiwadharau tangu walipokutana nao kambini. Zaidi ya Waafrika Kusini 130 waliuawa au kujeruhiwa.

Wiki moja baadaye, Februari 19, Smuts alitua Mombasa. Yeye hakuwa chaguo la kwanza. Serikali ya Uingereza ilikuwa imemteua Jenerali Sir Horace Smith-Dorrien, lakini mzee huyo alishikwa na homa ya mapafu. Smuts alikuwa mwanasheria na waziri, aliyewahi kuongoza makomando wa Makaburu dhidi ya Waingereza hao hao miaka 15 awali. Hakuwa amewahi kuongoza jeshi kubwa.

Mpango wake wa kwanza ulikuwa mzuri kwenye ramani. Brigedia Jenerali James Stewart angetoka Longido na kuuzunguka mlima Kilimanjaro upande wa magharibi, aifunge njia ya reli karibu na Kahe, huku Smuts mwenyewe akisukuma kutoka Taveta. Lettow angebanwa katikati kama nafaka kwenye kinu. Stewart aliondoka Machi 5 akaenda taratibu, akasimama kungoja, akahofia ubavu wake, na alipofika Moshi siku tisa baadaye adui alikuwa amekwisha kupita. Kama kuna wakati mmoja ambapo vita hivi vingeweza kumalizika mapema, ni siku hizo za Machi 1916.

Wakati huohuo palikuwa na pigano la vilima vya Latema na Reata, nje kidogo ya Taveta. Malleson aliongoza tena. Katikati ya mapambano ya Machi 11 aliarifu kwamba anaugua, akaondoka uwanjani, na Meja Jenerali Michael Tighe akalazimika kuchukua nafasi yake. Kamanda wa batalioni ya tatu ya Keya aliuawa mbele ya watu wake. Usiku Tighe akawatuma Waafrika Kusini kupanda vilima gizani. Habari zilizorudi zilikuwa za kuvunja moyo hivi kwamba kabla ya mapambazuko Smuts aliamuru mafungo. Kulipokucha, vikundi vidogo vilionekana bado viko kileleni. Wajerumani ndio waliokuwa wameondoka.

Kwa hiyo ushindi wa kwanza wa Smuts ulipatikana kinyume cha amri yake. Tusimlaumu sana kwa hilo, maana vitani bahati huwa na kura yake. Aliloliona ni kwamba makamanda aliowarithi hawafai. Stewart, Malleson na Tighe waliondolewa wote, ingawa Tighe hakustahili kuwekwa kapu moja na wale wawili. Mahali pao wakawekwa Reginald Hoskins, Jaap van Deventer na Coen Brits.

SMUTS: RAMANI NA TUMBO

Smuts alikuwa jasiri. Alikwenda mbele kabisa kukagua njia, mahali ambapo kamanda mkuu hana kazi, akaugua malaria mara kwa mara kama askari wake. Aliwaza haraka na aliwatia watu ari. Lakini alikuwa mwanasiasa, na wapiga kura wa Afrika Kusini wasingemsamehe iwapo angewarudishia orodha ndefu ya vijana wao waliouawa. Kwa sababu hiyo aliepuka mapambano ya ana kwa ana, na kila mara alijaribu kumzunguka Lettow ili amlazimishe kusalimu amri. Lettow naye, kila mara, aliondoka kabla duara halijafungwa.

Matokeo yake ni kwamba watu hawakufa kwa risasi. Walikufa kwa njaa, malaria na kuhara damu. Batalioni ya tisa ya Afrika Kusini iliyoingia vitani Februari 1916 na watu 1,135 ilibaki na 116 tu wenye afya kufikia Oktoba. Mwishoni mwa mwaka huo wagonjwa zaidi ya 12,000 walikuwa wamerudishwa kwao. Farasi, ambao ndio waliokuwa nguzo ya mbinu za Makaburu, waliangamizwa kwa maelfu na mbung'o. Mtu yeyote wa Handeni au wa Kondoa angemwambia jenerali kwamba farasi hakai katika nchi ile. Maofisa wake wa mifugo walimwambia pia.

Van Deventer alitumwa Kondoa Irangi katika masika ya Aprili 1916. Alikuwa mtu mkubwa asiyependa maneno, mwenye sauti ya kunong'ona kwa sababu ya jeraha la koo alilopata katika vita vya Makaburu. Alifika Kondoa Aprili 19 akiwa ametangulia mbali na chakula chake, na wanajeshi wake wakaishi kwa walichookota. Mwezi uliofuata Lettow alimshambulia usiku, akachapwa na kurudi nyuma na majeruhi wengi. Hili ni moja ya makosa ya dhahiri ya Mjerumani huyo, nalo halitajwi mara nyingi na wanaompamba.

Upande wa magharibi, Charles Tombeur wa Jeshi la Kongo ya Wabelgiji aliingia Rwanda, akaiteka Kigali Mei 1916 na Tabora Septemba 19 mwaka huo. Brigedia Jenerali Charles Crewe, aliyetoka Mwanza kwa ajili ya mji huohuo wa Tabora, alichelewa njiani. Tombeur alikuwa amewekewa lengo, akalifikia, na miongoni mwa makamanda wote wa 1916 ni wachache wanaoweza kusema hivyo.

Smuts aliingia Morogoro Agosti 26, na Dar es Salaam ikasalimu amri Septemba 4. Hapo ndipo jeshi lilipaswa kupumzika na kujaza maghala. Smuts aliendelea. Huko Kisaki, mapema Septemba, vikosi vyake vya farasi viliwasili kwa njia tofauti bila mawasiliano, kila kimoja kikapigwa peke yake siku yake. Januari 1917 aliitwa London kuhudhuria kikao cha Dola, na alipofika huko aliwaeleza Waingereza kwamba kazi imekaribia kuisha. Vita viliendelea karibu miaka miwili zaidi.

HOSKINS ALIYESAHAULIWA

Reginald Hoskins alirithi jeshi lenye njaa kwenye kingo za Rufiji, katika mvua kubwa zilizogeuza bonde lote kuwa ziwa. Kabla ya vita alikuwa Inspekta Jenerali wa Keya, na kwa hiyo alijua mambo mawili ambayo Aitken na Smuts hawakutaka kuyajua: kwamba askari Mwafrika ndiye atakayevimaliza vita hivi, na kwamba bila magari na wapagazi wa kutosha hakuna mpango wowote utakaofaulu. Aliipanua Keya, akaiandikia London kuomba magari, akasubiri mvua zipungue.

London, iliyokuwa imeambiwa kwamba vita vimekwisha, ilishangaa kuona jenerali huyu hasogei. Mwishoni mwa Mei 1917 aliondolewa, akapelekwa uwanja mwingine wa vita, na van Deventer akakabidhiwa jeshi ambalo Hoskins alikuwa amekwisha kulifufua. Kwa maoni ya mwandishi huyu, hakuna kamanda wa upande wa Waingereza aliyetendewa isivyo haki kuliko yeye. Keya ilifikia batalioni 22 kabla ya vita kwisha, na hao ndio waliomfukuza Lettow hadi mwisho.

Hata hivyo, haki kwa Hoskins isitufumbe macho. Wapagazi aliowaomba walipatikana kwa msako. Kuanzia Machi 1917, John Ainsworth alisimamia uandikishaji wa nguvu katika wilaya za Kenya, na machifu wakaamriwa kuleta vijana. Makumi ya maelfu walitolewa Nyanza, Ukambani na nchi ya Wakikuyu katika muda wa miezi michache.

Van Deventer hakuwa na staha ya Smuts kuhusu mapambano. Alitaka kumpiga Lettow hadi aishiwe na watu. Oktoba 1917 huko Mahiwa, kusini mwa Tanganyika, alipata alichokitaka, ingawa si kwa namna aliyoitaka. Brigedi ya Wanigeria ilikuwa imetenganishwa na kuzingirwa, na Jenerali Percival Beves akawatuma watu wake moja kwa moja kwenye mahandaki ya adui, siku baada ya siku, kuanzia Oktoba 15 hadi 18. Lettow aliandika katika kumbukumbu zake kwamba alimtambua Beves tangu siku za Reata, akajua kwamba ni mtu wa kuwatupa askari mbele bila kujali hasara, naye akawapanga watu wake kwa kuzingatia hilo. Waingereza walipoteza watu wapatao 2,700 kati ya 4,900. Wajerumani walipoteza zaidi kidogo ya 500.

Kwa hesabu ya siku hiyo Lettow alishinda. Kwa hesabu ya mwezi huo alikuwa amekwisha, kwa sababu risasi zake zilikaribia kumalizika na hakuwa na pa kupata nyingine. Aliwaacha mamia ya wagonjwa na majeruhi mikononi mwa adui, na Novemba 25 akavuka mto Ruvuma, akaishambulia ngome ya Wareno huko Ngomano na kujipatia silaha na chakula. Sehemu kubwa ya mwaka wa 1918 alizunguka Msumbiji, kisha akarudi Tanganyika na kuingia Rhodesia ya Kaskazini.

MJERUMANI NA SIFA ZAKE

Sifa za Lettow-Vorbeck ni za kweli. Alijua anachokitaka: kuwashughulisha wanajeshi wengi wa adui kadiri iwezekanavyo, ili wasipelekwe Ulaya. Hakuwahi kuwa na zaidi ya askari 15,000 hivi kwa wakati mmoja. Alizungumza Kiswahili na askari wake, aliwapa kombania zake uhuru wa kujiamulia, na alitumia vema mizinga iliyoopolewa kutoka manowari ya Königsberg iliyozamishwa Rufiji Julai 1915. Gavana Heinrich Schnee hakuvitaka vita hivi, akihofia vitaliharibu koloni. Lettow alimpuuza.

Katika jambo hilo Schnee ndiye aliyekuwa na haki. Jeshi linalohamahama lilikula kila lilichokikuta. Ng'ombe na nafaka za Ugogo zilichukuliwa kwanza na Wajerumani, kisha na Waingereza, na mvua ilipokosekana ikafuata njaa ambayo Wagogo waliiita Mtunya. Wapagazi wa Lettow wengi hawakuandikwa popote na hawakulipwa. Walipougua waliachwa. Wanaomwita mpiganaji muungwana aliyepiga vita safi wanazungumzia jinsi alivyowatendea maofisa wa Kiingereza aliowateka.

Alisalimu amri Abercorn, mji uitwao Mbala leo, mnamo Novemba 25, 1918, wiki mbili baada ya bunduki kunyamaza Ulaya. Alikuwa na Wazungu 155 na askari Waafrika 1,168, pamoja na maelfu ya wapagazi na wanawake. Alipokelewa Berlin kama shujaa. Smuts alikuwa waziri mkuu wa nchi yake kabla ya mwaka uliofuata kwisha.

Upande wa Waingereza, jumla ya wapagazi waliotumika katika miaka hiyo minne inakaribia milioni moja. Hesabu rasmi ya waliokufa ni takriban 95,000, na zaidi ya 40,000 kati yao walitoka Kenya. Oscar Watkins, aliyekiongoza kikosi hicho kutoka Nairobi, alilalamika mara nyingi kwa makamanda kuhusu unga wa mahindi uliosagwa ovyo, usioiva kwa muda mfupi wa kambini, ambao uliwaua watu kwa kuhara damu. Alihesabiwa kuwa msumbufu. Hakuna hata mmoja wa majenerali waliotajwa humu aliyeondolewa kazini kwa sababu ya vifo vya wapagazi. Stewart aliondolewa kwa kuchelewa, Aitken kwa kushindwa, Hoskins kwa kutokwenda haraka.

Aprili 2021, Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti iliyokiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao kutoka Afrika Mashariki na Misri, na huenda wakafikia 350,000, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Serikali ya Uingereza iliomba radhi bungeni. Kwenye barabara ya Kenyatta jijini Nairobi, mnara wa shaba uliozinduliwa 1928 ungali umesimama, na mmoja wa watu watatu waliochongwa juu yake ni mpagazi. Mnara huo hauna jina la mtu hata mmoja.